Karatasi ya Upande wa Nyuma

Likasi, Jumamosi, saa tisa alasiri

Ngalula mwanangu,

Nimekuja kukuandikia hapa atelye, karakana yetu ya karatasi, kwa sababu nyumbani hakuna pa kuweka hata kiwiko. Shangazi yako ametandaza karanga za safari juu ya meza yote, mama yako anakaanga dagaa, na wewe umekwenda kuagana na wenzako wa kwaya. Mashine zimezimwa. Wenzangu wako salongo, wanazibua mitaro ya mji kama inavyoamriwa kila Jumamosi, nami nimemdanganya mkubwa wetu kwamba mgongo unaniuma. Ukiniona jioni hii natembea nimejipinda, usicheke. Natunza uongo wangu.

Kesho asubuhi unapanda gari la moshi kwenda Kananga, kufundisha watoto wa shule katika nchi ambayo babu yako aliiacha akiwa kijana, alipoandikwa kuja kuchimba shaba huku. Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kutomwonyesha mtu pochi yako ndani ya treni, ya kumwamkia baba yako mdogo wa huko kwa heshima hata akiwa amelewa, hayo mama yako na shangazi wamekwisha kuyasema mara kumi, na wakati wa chakula watayasema mara ya kumi na moja. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka kumi na miwili, na nisipolitoa leo utaondoka nalo bila kujua kwamba unalo.

Juzi mama yako alisema atavaa kile kitenge chake kipya aje nawe stesheni. Ulimjibu bila kumtazama: “Papa atanisindikiza. Papa tu.” Alikikunja kitenge, akakirudisha sandukuni, akaenda kuchambua mboga. Wewe uliona umesema neno dogo. Mimi najua neno hilo linatoka wapi. Linatoka siku ya Komunyo yako ya kwanza, ulipoketi kwenye ngazi za kanisa na gauni jeupe, ukimngoja mama ambaye hakutokea. Ngalula, kosa la siku ile halikuwa la mama yako. Lilikuwa langu. Nitakueleza lote, lakini univumilie, maana mimi ni fundi wa karatasi na sijui kueleza kitu bila kuanzia kwenye karatasi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukija hapa ukitoka shule? Ulikuwa unaketi juu ya magunia ya karatasi chakavu, unaning'iniza miguu, unauliza. Mtoto wa kuuliza kama wewe sijamwona tena. Siku moja, ili nipate nafasi ya kufanya kazi, nilikukatia vipande viwili kutoka karatasi moja, kimoja kwa urefu wake, kingine kwa upana wake, nikakuambia uvishike kwa ncha. Kimoja kilisimama, kingine kikalegea kama sikio la mbuzi. Ukadhani ni dawa nimetia. Nikakuonyesha kwamba ndani ya karatasi mna nyuzi, nyuzi za mti uliopondwa, na kwamba nyuzi hizo zilipokuwa bado majini zililala zikielekea upande mmoja. Ukiikunja kwa kuzifuata, karatasi inakutii. Ukiikunja kwa kuzivunja, inapasuka mgongo. Nikakuambia pia kwamba ukiilowesha upande mmoja itajiviringa yenyewe ikuonyeshe nyuzi zinaelekea wapi. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu tangu siku hiyo ulikuwa unaramba kila karatasi iliyoingia nyumbani. Uliramba hata barua ya padri, mbele yake.

Miaka ile karatasi nzuri ilikuwa imeanza kuwa haba. Mabobini makubwa, yale mabunda ya karatasi iliyoviringwa, yaliyokuwa yakija kwa treni kutoka kusini yalianza kuchelewa, kisha yakawa hayaji kabisa. Lakini watu wa migodi bado walitaka masanduku ya kuwekea mawe ya kupimwa, masanduku ya faili, bahasha za kila ukubwa. Tukajifunza kujitengenezea kartoni wenyewe. Magazeti, madaftari ya ofisi za zamani, mifuko ya saruji iliyokung'utwa vumbi: vyote tuliviloweka ndani ya mapipa siku tatu, tukavitwanga mpaka vikawa uji, tukachuja juu ya wavu, tukakamua kwa presi, tukaanika juani. Kartoni yenyewe ilikuwa ya kijivu, na ukiisogeza karibu na macho uliweza kusoma nusu ya neno la mtu usiyemjua. Tulibandika tabaka tatu au nne pamoja ili ipate nguvu ya kubeba mawe.

Gundi ya kiwandani, kole kama tunavyoiita hapa, nayo ikaisha, na hapo ndipo mama yako alipoingia katika kazi yetu. Unga wa muhogo, maji, moto mdogo, na mkono usiochoka kukoroga. Wake wa mafundi wengine walijaribu, ikatoka na madonge, au ikachacha siku ya pili. Ya mama yako ilikuwa laini, inang'aa, na ukiivuta kwa kidole inakufuata. Kila asubuhi nilikuwa naibeba ndani ya ile ndoo ya bluu yenye mfuniko. Ba Kasongo, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa atelye wakati huo, alikuwa anachovya kidole na kusema mbele ya watu wote: “Kole ya Mama Ngalula, hii inaweza kubandika hata ndoa ya kuvunjika!” Nilikuwa nampelekea mama yako maneno hayo jioni, naye anajifanya hajasikia, lakini nilimwona akiinua kidevu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Ukibandika karatasi juu ya kartoni, ile karatasi inakunywa maji ya gundi, inavimba, inarefuka kidogo. Ikikauka inataka kurudi ilivyokuwa, na kwa kuwa imeshikwa, inaivuta kartoni. Huioni nguvu hiyo, lakini nimeona karatasi nyembamba ikipinda kartoni ya unene wa kidole gumba. Dawa yake ni moja tu. Unabandika karatasi nyingine upande wa nyuma, ya aina ile ile, nyuzi zikielekea kule kule, kwa gundi ile ile, siku ile ile. Ya mbele inavuta, ya nyuma inavuta, na kartoni inabaki imenyooka katikati. Karatasi ya nyuma haina picha wala rangi, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuisifu. Fundi anafundishwa jambo hilo wiki yake ya kwanza. Mimi nilikuwa nalijua kabla hujazaliwa.

Ulikuwa na miaka minane. Ikatangazwa kwamba mgeni mkubwa kutoka Kinshasa atapita Likasi, na atelye yetu ikaamriwa kutengeneza picha ya Mkuu wa nchi, ndefu kupita mtu, isimame kando ya jukwaa. Picha ililetwa vipande vinne, imeviringwa ndani ya bomba. Ba Kasongo alinikabidhi mimi. “Weye njo fundi ya kubandika,” aliniambia. “Na hii haiko mambo ya kucheka.” Akaniwekea kando karatasi nne kubwa za kaki, za mwisho kabisa katika bohari, kwa ajili ya upande wa nyuma.

Wiki ile ile ulirudi kutoka shule unalia. Madaftari ya wenzako yalikuwa yamefunikwa kwa kaki, yako kwa gazeti, na gazeti lenyewe lilikuwa limechanika kwenye kona, wasichana wakakucheka. Hukula bukari jioni ile. Ulikaa mlangoni na madaftari yako juu ya magoti, unajaribu kulainisha zile kona kwa mate. Mimi nina udhaifu mmoja ambao mtaa wote unaujua: siwezi kukuona unalia. Mama yako alikuwa na moyo huo huo, ila yeye alikuwa na akili ya kungoja mpaka machozi yakauke.

Kesho yake nilizizungusha zile karatasi nne tumboni, chini ya shati, nikatoka getini natembea kama mjamzito. Mlinzi alinisalimia, nami nikashindwa hata kuinama kumjibu. Mama yako alipouliza zimetoka wapi, nikamwambia ni mabaki. Alinitazama tu. Mabaki hayana kingo zilizonyooka hivyo, na yeye macho yake yalikuwa yamezoea kazi yangu. Lakini wewe ulikuwa umekwisha kuanza kurukaruka, basi akachukua mkasi. Mliketi chini wawili, mkapima, mkakunja kwa ule mfupa wangu wa ubavu wa ng'ombe, na yeye akaandika jina lako na darasa lako juu ya kila daftari, kwa ule mwandiko wa mviringo aliojifunza kwenye foyer, darasa la akina mama. Sijawahi kuwaona mnacheka hivyo tena. Hilo nalo naliongeza kwenye hesabu yangu mwenyewe.

Nilibandika picha upande wa mbele tu. Nilijiambia itasimama kwa muda wa saa mbili tu, haitapata muda wa kukauka. Hebu msikie fundi wa miaka mingi anavyojidanganya! Ilipotoka kwenye presi ilikuwa imelala sawasawa kama maji ya pipa, na Ba Kasongo, ambaye hakuigeuza, alinipiga bega kwa furaha. Tukaipeleka uwanjani, tukaisimamisha. Ulikuwa mwezi wa tisa, kabla ya mvua, na jua la Likasi la mwezi huo unalijua.

Zilianza pembe za juu. Kisha kingo zote mbili zikaanza kuja mbele, polepole, na kabla mgeni hajamaliza kusalimiana na watu, picha nzima ilikuwa imeinama kama mtu aliyeangusha kifungo anakitafuta. Akina mama wa animasyo, wale wa nyimbo za kumsifu Mkuu, waliendelea kuimba na kucheza, maana hawakuthubutu kunyamaza. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilikuwa nyuma ya umati, nafikiria karatasi nne za kaki zilizokuwa juu ya meza yangu nyumbani, zimekunjwa vizuri, zimeandikwa jina lako.

Siku hizo watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Kila familia hapa ilijua njia ya kwenda gereza la Buluo, na hakuna aliyetaka kuitembea. Kuharibu picha ilikuwa hatari. Kuharibu picha kwa sababu umeiba karatasi yake, hiyo sikuweza hata kuifikiria mpaka mwisho.

Walikuja atelye mchana ule ule, wanaume wawili wenye abakosti, zile suti za serikali zisizo na tai, zilizopigwa pasi. Sikuambiwa wametoka ofisi gani, na hakuna aliyeuliza. Mmoja akaniita citoyen, raia, kama ilivyoamriwa siku hizo:

“Citoyen, weye njo ulibandika hii?”

“Ndiyo, citoyen. Ni minye.”

“Sasa juu ya nini inajikunja?”

Ba Kasongo alikuwa ananitazama. Alikuwa amekwisha kuigeuza picha, alikuwa ameona mgongo wake mtupu, na alikuwa anangoja nitakachosema. Na mimi, mwanangu, nilisema: “Ni kole. Kole ilikuwa na mayi mingi.”

“Nani alipika kole?”

Palikuwa na muda hapo katikati. Nimeurudia muda huo mara nyingi kuliko sala zangu, na kila mara ni mrefu wa kutosha kusema jambo jingine. Nilisema: “Bibi yangu.”

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyenipiga. Waliniuliza kwa sauti ya kawaida, nami nikawapa jina la mama yako.

Tulipofika nao nyumbani, mama yako alikuwa anapepeta unga. Wewe ulikuwa bado shule, asante Mungu, na ulikuwa umebeba madaftari mawili tu. Mengine yote yalikuwa pale mezani. Mama yako aliwatazama wale watu, akanitazama mimi, akayatazama madaftari. Alielewa kabla sijafungua mdomo. Aliinua beseni la unga kana kwamba anawapisha wageni wapate pa kuketi, akaliweka juu ya madaftari, yakafunikwa. Kisha akafuta mikono.

“Ni minye nilipika,” alisema. “Bunga ilikuwa kidogo, nikatia mayi mingi. Yeye hajue kintu.”

Walimwambia achukue shuka. Alipokuwa ananipita mlangoni aliniambia kwa sauti ya chini: “Mutoto asijue. Umuambie niko Kapolowe, kwa yaya.” Yaya, yaani dada yake mkubwa, ndiye aliyeishi huko. Mimi nilikuwa nimesimama katika nyumba yangu nikiwa nimeshika mpini wa mlango, mtu mzima, na nikawafungulia.

Alikaa kizuizini siku ishirini na tatu. Siku ya pili niliyabandua yale majalada ya madaftari yako, nikayarudisha atelye tumboni vilevile, nikayatia kwenye pipa la kulowekea pamoja na magazeti. Ulilia sana, ukauliza nani ameiba kaki zako, nikasema panya. Panya wa kula kaki na kuacha daftari! Uliniamini, kwa sababu mimi nilikuwa papa yako na sikuwa nimewahi kukudanganya.

Jumapili ya Komunyo ilikuwa ndani ya siku hizo. Shangazi yako ndiye aliyekuvisha. Ulikataa kuingia kanisani mpaka mama aje, ukaketi kwenye ngazi, ukasema njia ya Kapolowe si ndefu, mama anaweza hata kuja juu ya kamyo, lori la makaa. Nikakubeba mikononi kukuingiza. Ulikuwa mzito kwa hasira. Katika picha ya siku ile umekunja uso, na watu wote wanaoiona wanacheka, wanasema tazama huyu mtoto alivyo mkali. Mimi siwezi kuitazama.

Alirudi siku ya Jumatano, kwa miguu, amenyolewa nywele zote, amefunga kitambaa. Tulikuambia ni chawa wa Kapolowe. Ulisimama katikati ya ua, mikono nyuma, ukamwuliza: “Haukuleta ata samaki?” Naye akakujibu: “Samaki iliisha, mama.” Uligeuka ukaenda kucheza. Yeye akaingia ndani akaketi kitandani, nami nikapiga magoti mbele yake. Aliweka mkono juu ya kichwa changu. Baadaye sana akasema maneno ambayo ndiyo pekee niliyowahi kuyasikia kwake juu ya jambo hili, tangu siku ile mpaka leo:

“Kole yangu ilikuwa muzuri. Unajua weye.”

Nilijua. Na sikumwambia mtu. Hapa atelye mafundi waliacha kumtaja, na wageni walipouliza waliambiwa kuna mwanamke alipika gundi mbaya. Tangu siku ile hakunipikia tena. Nilijifunza kupika yangu, ina madonge, na sijawahi kulalamika.

Utauliza kwa nini hatukukuambia ulipokua. Mwanzoni ilikuwa hofu, maana mtoto husema shuleni. Kisha hofu ikapungua, ikabaki aibu yangu, na aibu haikupungua. Kila nilipotaka kusema, mama yako alinizuia. “Anakupenda sana,” alikuwa ananiambia. “Muache akupende.” Ulipokuwa na miaka kumi na mitano, akakukataza kwenda kwenye ile ngoma, ulimwambia: “Weye uliniacha siku ya Komunyo. Leo unataka kunifundisha nini?” Nilikuwepo. Nilikuwa nakata karatasi ya kufunika meza, na niliendelea kukata. Ukanijia mimi kwa machozi, nikakukumbatia, na moyo wangu mbaya ukafurahi kwamba umekuja kwangu. Nakuambia hata hilo, kwa sababu sitaki kukuandikia nusu ya barua.

Nimejifunza nini? Kidogo sana kwa bei kubwa. Nimejifunza kwamba mtu mwenye hofu hutaja jina lililo karibu naye, na jina lililo karibu ni la yule anayempenda. Utakapokuwa mbele ya darasa lako, siku moja utakosea, na mkurugenzi atasimama mlangoni, na patakuwa na muda mfupi kabla hujajibu. Ukumbuke papa yako katika muda huo. Sina zaidi ya hapo. Na mtoto akija na daftari la gazeti, usimnunulie kaki kwa haraka. Umfundishe kukunja gazeti vizuri. Linakunjika, nyuzi zake ni fupi lakini zinatii.

Sasa valizi yako, lile sanduku la safari nililokutengenezea. Juzi uliipiga kofi, ukasimama juu yake kwa miguu miwili, haikubonyea, ukanikumbatia ukasema hakuna fundi kama papa. Ni kweli nilitengeneza kartoni yake, tabaka tano, na pembe nimeziwekea mkunjo mara mbili kabla ya kuzikunja ili ngozi ya nje isipasuke. Lakini nilipofika kwenye kubandika niliogopa gundi yangu. Njia ya Kananga ni ndefu, na kuna mvua. Nikaenda jikoni, nikasimama pale kama mtu anayeomba kazi, nikamwambia mama yako: “Nipikie.” Hakuuliza ni ya nini. Alichukua ile ndoo ya bluu, ambayo mimi nilidhani ilitupwa zamani, akaanza kukoroga. Pitisha kiganja ndani ya valizi, upande usioonekana, chini ya kile kitambaa chenye maua. Nimebandika nyuma na mbele, gundi ile ile, siku ile ile. Inanyooka kwa sababu yake.

Mama yako hajui kwamba naandika. Nilimwahidi kunyamaza, na leo navunja ahadi hiyo. Nitamwambia mwenyewe jioni hii, wakati wewe unasoma, na ni haki yake kunikasirikia mbele ya dagaa wote. Jumatatu nitapanda kwenda Kamatanda, ambako Ba Kasongo anaishi tangu astaafu, nimwambie kwa mdomo wangu kile alichokiona kwa macho yake. Nikirudi nitawaambia mafundi wa hapa kwamba gundi ilikuwa nzuri.

Ukurasa huu wa mwisho unaona si mweupe kama mingine. Ni kaki. Yale majalada nilipoyatia kwenye pipa, moja lilinishinda. Nililiweka ndani ya mgongo wa sanduku la zana zangu, na limekaa humo miaka yote hii. Ligeuze. Utaona jina lako, na darasa la tatu, kwa mwandiko wa mtu ambaye wiki iliyofuata alichukuliwa badala yangu.

Nakupenda, Ngalula. Nakupenda kuliko nilivyoweza kukupenda vizuri. Ungeniuliza ni kitu gani nilikuwa nakitamani mwaka huu wote, ningekuambia ni kusimama kesho pale stesheni, kushika mkono wako dirishani mpaka treni ininyang'anye. Nimenyoa ndevu kwa ajili hiyo. Nimepiga rangi viatu.

Lakini kesho sitakuja. Nitabeba valizi mpaka mwisho wa barabara yetu, nikupe mkono, nigeuke. Kuna kitenge kipya ndani ya sanduku la mama yako, kiko juu kabisa, hakijavaliwa. Jioni hii, baada ya chakula, kitoe wewe mwenyewe, umpelekee jikoni, umwambie saa ya treni.

Mimi honi yake nitaisikia hapa atelye.

Papa yako